Sato Waliokatwa Mapezi

Wapendwa, na hasa ninyi kina mama mliokuja na watoto mgongoni kama mimi, nina mfano mmoja, nao nitausema haraka maana nikienda polepole naogopa.

Kulikuwa na mke wa mvuvi mmoja kando ya ziwa. Mumewe alivulia ndoano kwenye mtumbwi wa kuazima, mpaka mwenye nyumba ya wageni pale jirani akawa anahama, akamwita mvuvi na kaka yake, akasema hivi vyombo viwili vilikuwa vya watalii wangu, gawaneni. Kimoja boti la mpira, la kupuliza. Kingine kayaki ya plastiki, nyembamba, mtu anaketi amenyoosha miguu.

Mume akaishika kayaki. Mke, mtoto mgongoni, akasema, "Hiyo hapana, baba. Hiyo ni ganda la haragwe. Ukipiga chafya tu umepinduka."

"Haipinduki hovyo, mama. Na hata ikipinduka haizami."

"Chukua hili la upepo. Ona lilivyo pana, ona kingo zake, ni godoro kabisa. Ukienda na hiyo nyingine, mimi silali."

Ninyi mngechagua kipi? Mume akamtazama, akaiachia kayaki, kaka mtu akaichukua.

Basi yule mama akalala. Na kilichomfurahisha zaidi, sato walianza kuja nyumbani wamekatwa mapezi, ile miiba ya mgongoni inayochoma vidole ukipara samaki, haipo kabisa. Akawaringia wenzake pale wanapoparia samaki: wangu ananionea huruma vidole, wa kwenu je? Wakamwonea wivu. Mpaka siku moja wifi yake, dada wa mumewe, akacheka hata akaweka kisu chini.

"Wifi, vidole gani? Anakata ili wasimtobolee boti. Sato akirukaruka mle ndani ni msumari. Kwani hajakuambia anavyorudi anachota maji kwa kopo huku anapuliza kwa mdomo?"

Mnamwona alivyosimama? Akakimbia nyumbani na magamba mikononi, akaligeuza boti lililoegemezwa ukutani. Chini yake viraka, viraka vya tyubu ya baiskeli, kimoja juu ya kingine. Mume akatoka ndani na ndoano zake, alikuwa ndiyo anaelekea ziwani.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaziweka ndoano chini. Halafu akasema taratibu, bila hasira, "Ningekuambia, ungelala?"

Ndugu zangu, hapo ndipo. Kumbe yule mama alikuwa ameogopa kwa nguvu kiasi kwamba watu wake wakajifunza kumlinda yeye asisikie habari, na yule aliyekuwa anamwogopea akabaki peke yake katikati ya maji, anapuliza. Simlaumu. Alipenda. Nani kati yetu, na mtoto anamlalia mgongoni, asingechagua godoro?

Lakini sikilizeni alichofanya. Alimshika mume mkono, akamkalisha, akasema, "Niambie yote. Nitaogopa, nitalia, wewe niambie tu." Siku hiyo boti halikwenda popote. Walikwenda wote wawili kwa kaka mtu kuomba zamu ya kayaki, na ni yeye, yeye mwenyewe, aliyeisukuma majini.

Sasa sisi. Wa kwetu wanatuficha nini? Mume aliyesimamishwa kazi na bado anaaga asubuhi kama kawaida, binti anayesema ni tumbo tu, mama mzazi anayejibu kwenye simu mimi mzima, mwanangu. Ni waongo hao? Au wametuona tunavyotetemeka, wakatuhurumia? Tunamwomba Mungu atuondolee hofu, na mimi naomba hivyo kila siku, lakini asipoiondoa leo, basi atupe kukaa nayo na bado tusikilize. Ukifika nyumbani usimuulize mtu wako kama yuko salama, atakujibu ndiyo. Muulize panavuja wapi. Halafu akianza kukueleza, hata ukiogopa, usiinuke.