Sabufa za Bwana Chaula

Bwana Chaula, tajiri wa mbao pale Makambako, hakuwahi kununua sabufa, spika ya besi nzito. Kila alipokuwa na sherehe alichukua moja dukani kwa Sikitu, eti anaijaribu, akatamba nayo mbele ya wageni, kisha kesho yake akairudisha akibetua mdomo: "Besi gani hii? Inakoroma kama nguruwe!"

Siku binti yake alipokuwa akiletewa posa, alikuja tena.

"Leo nipe ya maana. Takataka zako nimezichoka."

"Chukua mbili, bosi, ukazilinganishe," Sikitu akasema kwa upole. "Sikio kama lako halipatikani mji mzima. Jioni nitakuja kuchukua utakayoikataa."

Jioni Sikitu alifika na mkokoteni. Aliwakuta wakwe wamejaa sebuleni, na Chaula akijigamba kwamba akiwasha sinema humo ndani hadi mabati yanatikisika.

"Hodi, bosi! Nibebe ipi? Au unazirudisha zote, kama siku zote?"

Baba wa mwoaji akaacha kutafuna. "Kumbe za kuazima?"

"Kuazima? Mimi?" Chaula akafoka. "Nimenunua zote mbili!" Akatoa simu, akalipa palepale, wakwe wakimtazama.

Kisha akamfuata Sikitu hadi mlangoni, akamnong'oneza kwa hasira: "Mwizi wewe! Ile nyeusi inakoroma kweli!"

"Najua, bosi. Miaka yote nilikupa nzima, ukasema zinakoroma. Safari hii nikakutafutia inayokoroma."