Baba Aliyeitikia kwa Kichwa

Wapendwa, kabla hatujasimama kuomba, nipeni dakika chache niwape mfano.

Kulikuwa na mkulima mmoja wa viazi, mwanamume aliyefiwa na mke, aliyekuwa na mtoto mmoja tu wa kike. Mtoto yule alizaliwa hasikii, na kwa hiyo hakusema. Alifika miaka tisa yuko nyumbani, anamenya viazi na kufukuza kuku. Si kwamba baba hakumpenda. Alimpenda sana. Lakini alijiambia, huyu shule itamfundisha nini?

Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya pale kijijini alipanda kilima hadi kwake, viatu vimejaa tope.

"Baba, tuletee huyo mtoto."

"Mwalimu, hasikii."

"Najua. Na sisi hatujui kumsemesha. Tutajifunza wote, yeye na sisi."

Baba akakubali. Shule ikaomba mwalimu wa lugha ya alama, akawa anakuja kutoka mjini kila Alhamisi. Mnawajua watoto, hawakumaliza muhula: darasa zima likawa linapiga soga kwa mikono! Mpishi wa uji akajifunza. Mama muuza maandazi pale getini naye akajifunza. Mtoto aliyekuwa hana wa kuongea naye, sasa anagombezwa kwa kuongea darasani.

Mwalimu mkuu akawaita na wazazi: "Njooni Alhamisi jioni, mjifunze." Wakaja wengi, hata wasio na mtoto shuleni. Yule baba hakuja. Alipokumbushwa akacheka: "Mwalimu, mimi na viazi vyangu. Shule si ipo?"

Ikapita miaka miwili. Mtoto akirudi nyumbani alimsimulia baba yake kwa mikono habari zote za siku, na baba alitabasamu, akaitikia kwa kichwa. Ndivyo walivyoishi. Je, nani angesema pale pana upungufu?

Asubuhi moja mtoto akashindwa kuamka. Mwili unachemka, amejikunja. Baba akambeba mgongoni mpaka zahanati. Nesi akauliza:

"Anaumwa wapi? Imeanza lini?"

Baba akamtazama mwanawe. Mtoto akainua mikono, akaeleza. Akaeleza tena. Baba akasema, "Nesi, sijui."

Zahanati ilikuwa jirani na shule. Nesi akatuma mtu, na mwalimu mkuu akaja anakimbia, ameshika mkono wa binti mmoja wa darasa la tatu, rafiki wa mgonjwa. Yule rafiki akapiga magoti kando ya kitanda, akaangalia mikono ya mwenzake.

"Tumbo, upande wa kulia," akasema. "Tangu juzi."

Nesi akashtuka. "Tangu juzi! Mbona hakumwambia baba yake?"

Rafiki akauliza kwa mikono, mgonjwa akajibu. Rafiki akamtazama mwalimu.

"Sema tu, mwanangu," mwalimu akamwambia.

"Anasema alimwambia. Juzi jioni alimwambia, na jana alimwambia tena. Anasema baba alitabasamu, akaitikia kwa kichwa, akaenda shamba."

Ndugu zangu, yule baba aliketi chini, sakafuni.

Mtoto alipelekwa hospitali, akapasuliwa kidole tumbo, akapona. Walimu walipeana zamu ya kumuuguza, na wazazi wa wenzake wakamalizia kuvuna viazi vya baba yake. Na Alhamisi iliyofuata, mwanamume mzima alikuwa amekaa kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yamegusa kidevu.

Mwalimu akamuuliza kwa upole, "Baba, tuanze na neno gani? 'Mwanangu'? 'Nakupenda'?"

Akasema, "Hapana, mwalimu. Hilo analijua. Nifundishe kusema, 'Sijaelewa. Niambie tena.'"

Sasa, wapendwa, mlidhani nawasema wakulima wa viazi? Sisi tunasikia, na watoto wetu wanasikia. Lakini mtoto akirudi kutoka shule na kuanza, "Mama, leo...", sisi tunafanyaje? Shule inatuita kikao, tunasema mwalimu yupo. Tunamshukuru Mungu kwa walimu, na kweli tuwashukuru, maana wamepanda vilima vingi kwa ajili ya watoto wetu. Lakini shule haikujengwa ili itupokonye watoto mikononi. Ilijengwa ili itushike mkono na sisi, baba na mama na jirani, turudi kwa watoto wetu tukiwajua.

Leo mkifika nyumbani, kabla ya chakula, kaa chini na mtoto wako. Mwache aseme mpaka amalize. Na usipoelewa, usione haya kumwambia.

Tusimame, tuombe.