Farasi Mmoja, Wapandaji Wawili

Kale, wajukuu zangu, kale ambayo hata aliyenisimulia aliisikia tu, ng'ambo ya bahari kuu, kusini mwa Marekani, palikuwa na kikosi cha wapanda farasi. Mnasikia? Basi sogeeni.

Vita vyao vilikuwa vibaya, nisiwafiche. Walipigana ili watu weusi waendelee kuuzwa kama mbuzi, na Mungu akawanyima ushindi. Lakini kupanda, walipanda. Kuvumilia, walivumilia.

Desturi yao, kila mtu alikuja na farasi wake wa nyumbani. Farasi akifa, unapelekwa kwa askari wa miguu, na wenzako ndio basi tena.

Siku moja wanakimbia, adui nyuma, farasi wa Amaria akaanguka, akafa. Hezekia, rafiki yake wa kijiji kimoja, akasema watapokezana farasi wake, Dorkasi. Vipi? Mmoja anapanda, anatangulia, anamfunga mtini, anaendelea kwa miguu. Wa nyuma akifika anamfungua, anapanda, anampita mwenzake, anamfunga mbele. Funga, fungua. Funga, fungua.

Kapteni akacheka. "Muage kabisa farasi wako, Hezekia. Humwoni tena."

Mchana Amaria akatangulia. Walikubaliana amfunge kwenye mti ulio mbele ya kanisa. Hezekia akatembea, akatembea, viatu vimepasuka, risasi zinalia nyuma. Akaliona kanisa. Akauona mti. Dorkasi hayupo.

Hezekia, mtu wa sala yule, akamlaani Amaria, yeye na mama yake. Akaketi njiani angoje kutekwa.

Mara kichaka kikatikisika. Amaria huyo, Dorkasi mkononi, kamfunga mdomo kwa shati lake asilie.

"Usiinuke. Adui wamejaa kanisani. Nimejificha hapa nikuzuie."

Angeweza kutoroka na farasi, watoto. Hakutoroka.

Hezekia akainamisha kichwa. "Nimekulaani, Amaria. Tena mbele ya nyumba ya Mungu."

"Mimi nakulaani tangu asubuhi, kwa ulivyokuwa mzito wa kushuka. Panda, zamu yako."

Wakalikwepa kanisa, wakapita mtoni, wakakifikia kikosi wote watatu. Kapteni akavua kofia.

Basi mwenzako ukimkosa pale mlipoahidiana, usianze na laana. Nami naambiwa hilo, si ninyi peke yenu.

Hadithi yangu nimeifunga mtini hapa. Ajaye nyuma yangu aifungue, aipande.