Gari la Amerika Lililoingia Kinyumenyume

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura kuongea, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na mtu mjini Korogwe akiitwa Singano. Kazi yake ilikuwa kukodisha magari ya harusi. Alikuwa nayo mawili, na yote yalikuwa yamebeba maharusi wengi mpaka viti vikabonyea.

Siku moja wakaja watu kutoka upande wa bwana harusi mmoja. Mama wa bwana harusi akayazunguka magari yale, akayagonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti.

"Haya yanafanana kama mayai," akasema. "Mwanangu anataka gari la kifahari la Amerika. Kama huna, sema, twende kwingine."

Singano hakuwa nalo, lakini mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko akili yake.

"Ninalo," akasema. "Liko njiani."

Walipoondoka, akaanza kutembea. Akaenda mpaka langoni, akarudi. Akaenda, akarudi. Harusi ilikuwa imebakiza majuma sita.

Karakanani kwake walifanya kazi watu watatu: Semeni, msichana aliyeandika maneno na kuchora maua kwenye magari, Mhina, fundi bodi, na Mwantumu, aliyeshona viti. Akawaita.

"Gari la Amerika sina. Nina lile bovu la mizigo pale uani, injini yake bado nzima. Atakayeniokoa, nitamsomesha chuo cha ufundi mpaka amalize. Lakini mmoja tu. Wawili siwezi."

Mmoja tu! Tangu siku hiyo hakuna aliyemaliza chai yake akiwa amekaa.

Semeni aliacha shule akiwa kidato cha pili, lakini atlasi yake hakuiacha. Akaifungua penye ramani ya Amerika, akachukua penseli na daftari.

"Gari la kifahari haliwi moja," akasema. "Likiwa peke yake watu watauliza ndugu zake wako wapi. Lazima liwe na ukoo."

Basi akaunda ukoo mzima. Jina la ukoo, Halverston. Nembo yake, korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, kwa kuwa mwenye heshima hana haraka. Wa kwanza, Halverston Nebraska, fupi, la madaktari na mawakili. Wa pili, Halverston Alaska, jeupe, lenye ubaridi ndani hata Januari. Wa tatu, Halverston Misisipi, refu kuliko yote, la maharusi. Nyuma lilikuwa na mlango mmoja tu, mpana kama mlango wa sebule, ili bi harusi atoke bila kuinamisha kichwa.

Singano akaweka kidole juu ya Misisipi. "Hili."

Mhina akalitazama daftari. "Mlango huu uko upande gani?"

"Kulia," Semeni akajibu. "Amerika magari hupita kulia, kwa hiyo watu hushukia kulia, ukingoni mwa barabara. Na usukani uende kushoto."

"Mdogo wangu, usukani hauhami kwa penseli. Utabaki ulipo."

"Sawa, usukani ubaki. Lakini mlango hauguswi. Ukihama, gari si la Amerika tena."

Hapo Mhina aliona jambo. Aliliona, akalimeza. "Mchoro ni wako," akasema. "Mimi napiga nyundo tu."

Na kweli alipiga. Alipasua mapipa, akayanyoosha. Aliyapiga asubuhi, akayapiga mchana, mpaka majirani wakaanza kupishana maneno kwa kukosa utulivu. Mwantumu naye akatafuta mahameli nyekundu, akashona kiti kirefu kama kitanda. Kila aliposhona alicheka.

"Halverston! Hata Waamerika wenyewe hawajalisikia. Siku hiyo tutazomewa mpaka Mombo."

"Shona, dada," Semeni alimwambia. "Shona tu."

Siku ikafika. Singano akashika usukani. Semeni na Mhina wakakaa mbele. Nyuma akakaa bi harusi, amefunikwa kanga, pamoja na kungwi wake, Bi Mwanakombo. Mwantumu alikuwa nyuma pia, na sindano mkononi, maana pindo la kiti lilikuwa halijaisha.

Wakafika mtaa wa bwana harusi. Watu wakapiga vigelegele. Nyumba ilikuwa mkono wa kushoto. Mashangazi walikuwa wametandika kanga kutoka kizingitini mpaka ukingoni mwa njia, kwa kuwa bi harusi hakanyagi udongo siku ile, hukanyaga kanga. Na kanga zikishatandikwa hazihamishwi. Ni nuksi.

Singano akasimamisha gari. Mlango mpana ukafunguliwa, upande wa kulia.

Chini palikuwa na mtaro wa maji machafu.

"Singano!" Bi Mwanakombo akapaza sauti. "Unataka mwanangu aolewe na mtaro?"

Vigelegele vikakatika. Singano akamtazama Semeni. Semeni akatazama magoti yake. Kugeuza haikuwezekana, Misisipi lilikuwa refu na njia ilikuwa nyembamba. Nje mama wa bwana harusi alikuwa ameshashika kiuno.

Ndipo Mwantumu akasema, "Mzee, rudi mpaka njia panda. Geuza kule, halafu uingie kinyumenyume. Mlango utaangukia penye kanga."

"Bi harusi aingie kwa mgongo? Watanicheka!"

"Wameshaanza kukucheka. Rudi!"

Akarudi, akageuza, akaanza kuingia kinyumenyume. Jasho lilimtiririka, usukani ukamponyoka, ubavu wa gari ukakwaruza ukuta wa jirani. Ukuta ukamomonyoka. Bati la Mhina halikubonyea.

Watu wakaanza kuguna. Semeni akatoa kichwa dirishani.

"Pisheni!" akaita. "Misisipi ndivyo linavyoingia! Gari la kawaida huja na dereva mbele. Halverston humleta bibi kwanza, dereva baadaye!"

Mama wa bwana harusi akainua mikono. "Mnaona? Hiyo ndiyo Amerika!" Vigelegele vikapasuka upya. Mlango ukafunguka penye kanga, na bi harusi akashuka, mguu wa kulia ukitangulia, kichwa hakikuinama.

Baada ya hapo kila mwenye harusi alikuja kwa Singano na neno moja: "Tunataka lile linaloingia kinyumenyume."

Singano akaleta fomu ya chuo. Ilikuwa na mstari mmoja wa jina, na mwisho wa kuipeleka ulikuwa kesho yake. Akawaita wale watatu.

Semeni akasema, "Mzee, kabla yangu palikuwa na gari bovu uani. Mimi nimelitungia jina, nimelitungia ukoo. Na watu walipoguna, ni maneno yangu yaliyowageuza. Nipe mimi."

Mhina akasema, "Maneno hayapandwi. Bi harusi angekalia daftari? Ukuta umevunjika, kazi yangu haikuvunjika. Nipe mimi."

Semeni akamgeukia. "Kaka Mhina, ule mlango uliuona umekosewa?"

"Niliuona."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile ulipofungua daftari. Ningesema, ungenisikia?"

Semeni akaivuta atlasi yake karibu.

Mwantumu akasema, "Mnabishana nini? Bila mimi mngekuwa mtaroni mpaka leo. Nipe mimi."

"Wewe!" Mhina akasema. "Wewe uliyelicheka gari kila siku?"

"Nililicheka, nikaliokoa. Ninyi mlilipenda, mkalipeleka mtaroni."

Singano akainua kalamu, akaishusha. Akaenda mpaka langoni, akarudi. Akaenda, akarudi. Semeni alikuwa ameikumbatia atlasi kifuani kama mtoto. Mhina alizungusha nyundo mkononi. Mwantumu alichoma sindano kwenye pindo la gauni lake, akaichomoa, akaichoma tena. Hakuna aliyekaa.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, fomu hiyo, na mstari wake ni mmoja. Aliyeliota gari akakosea mlango, aliyeliunda akanyamaza, au aliyelicheka akaliokoa: je, mngeandika jina la nani?