Jeneza la Njano

Ndugu zangu, kaeni vizuri, na wenye kukohoa kohoeni mmalize. Najua jana kulikuwa na mechi. Nawaona hapo nyuma, wengine sauti zimewakauka hata wimbo hamkuuimba, na wengine mmeinama kama mliofiwa. Sitauliza nani ni nani. Nitawapa mfano.

Kulikuwa na fundi seremala mmoja, mshabiki wa timu ya bluu. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa mshabiki wa timu ya njano. Walikuwa watani wa kweli, wale ambao mmoja akipita bila kumchokoza mwenzake, mwenzake anauliza kama anaumwa. Sasa masikini fundi wa watu, miaka saba mfululizo bluu hawakuwahi kuwafunga njano. Miaka saba! Na kila mwaka mechi ikiisha, jirani anabeba mkeka wake, anautandika mbele ya karakana ya fundi, anashika tama kama mfiwa, na kila apitaye anamwambia, "Tumepatwa na msiba hapa. Marehemu ni bluu." Fundi alikuwa anacheka, maana mtani hanuniwi. Lakini mnakijua kicheko cha mtu aliyekosa ushindi miaka saba.

Mwaka wa nane akasema liwalo na liwe. Wiki nzima kabla ya mechi alijifungia karakanani akitengeneza jeneza la kuwazika njano. Wengine jeneza la utani hulifanya kwa maboksi na misumari miwili, likifika njia panda limeshaachia. Huyu hakuweza. Mkono wake haukujua kazi mbovu. Alichagua mbao za mninga, akaranda, akapiga msasa, akafunga bawaba na vishikio vya shaba, akalipaka rangi ya njano inayong'aa. Saizi ya mtu mzima.

Mkewe akaingia, akashika kiuno. "Baba watoto, jeneza la mzaha ndilo unaliwekea kitambaa ndani?"

"Mke wangu, msiba ni msiba. Wakilala, walale vizuri."

Siku ikafika. Tangu saa sita mchana fundi yuko kwenye banda la kuonyeshea mpira, mtaa wa pili, jeneza kalificha nyuma ya banda, na simu kaizima asije mtu akamtia nuksi. Saa kumi mpira ukaanza. Dakika themanini na saba, hakuna kitu. Mnaijua hali ile? Mate yanakuwa machungu, unamkumbuka Mungu ambaye Jumapili hukuja kumwona. Dakika ya themanini na nane, kona. Mpira ukaelea, kichwa, wavuni!

Jamani! Fundi aliruka, benchi likaanguka na watu wake wote, na hakuna aliyelalamika. Alimkumbatia mtu asiyemjua. Akalia, mtu mzima na mvi zake, machozi ya miaka saba. Nami sisimami hapa kumhukumu, furaha ile ni njema. Mtu aliyengoja kwa uaminifu huku wenzake wanamcheka, siku yake ikifika mwacheni aruke.

Kabla jua halijazama msafara ukaanza. Jeneza liko mabegani mwa wanaume sita wenye jezi za bluu. Vuvuzela zinalia, madebe yanapigwa, akina mama wanachanganya vigelegele na mayowe ya uongo, "Uwiii, njano, umetuacha na nani!" Fundi yuko mbele, kanga ya mkewe kajifunga kichwani, analia na kucheka kwa pamoja. Mtaa ule wa pili wote umetoka nje. Na safari ilikuwa moja tu, kwa jirani.

Wakakata kona. Fundi akaona nini? Nje kwa jirani limefungwa turubai. Viti vimepangwa. Watu wamekaa mikekani kimya, na jirani mwenyewe yuko katikati, kashika tama.

"Mwoneni mtani wangu!" fundi akapiga kelele, na furaha ikampanda mara mbili. "Safari hii kaweka na turubai! Kakubali msiba!"

Miaka saba yule bwana alijifanya mfiwa. Fundi angejuaje? Akaingia moja kwa moja, hata hodi hakupiga, na jeneza likashushwa miguuni pa jirani.

"Pole, mtani," akasema kwa madaha. "Marehemu wako tumekuletea. Amekufa dakika ya themanini na nane."

Jirani akainua uso. Macho yalikuwa mekundu.

"Mtani," akasema polepole, "baba amefariki. Saa nane mchana. Nimekupigia sana, simu yako haipatikani."

Ndugu zangu, kule nyuma barabarani vuvuzela zilikuwa bado zinalia, maana habari ilikuwa haijawafikia. Fundi akaivua ile kanga. Akapiga magoti mchangani kando ya kazi ya mikono yake, na utamu wote wa ushindi ukawa aibu.

"Nisamehe," akasema. "Nisamehe, ndugu yangu. Tunaliondoa sasa hivi."

Wale sita wakainama washike vishikio. Jirani akanyoosha mkono. "Liacheni."

Akasogea, akafunua kifuniko, akapapasa mbao, akapapasa kitambaa. Mzee yule alikuwa njano tangu timu ile inafanya mazoezi pekupeku, na hakuna pale asiyejua hilo.

"Mmetufunga saa ngapi?" jirani akauliza.

"Saa kumi na mbili kasoro," fundi akajibu, kichwa kakiinamisha.

Jirani akakifunga kifuniko taratibu. Kisha, machozi yakiwa yanamtiririka, akacheka. "Basi mzee wangu kaondoka hajafungwa! Unasikia, mtani? Miaka saba mmehangaika naye, na kaondoka hajafungwa!"

"Hajafungwa!" akaitikia bibi mmoja kutoka mkekani. Turubai zima likaitikia. Na fundi, na sauti yake iliyokauka, akasimama akaitikia kuwashinda wote, "Hajafungwa!"

Kesho yake mzee alizikwa ndani ya jeneza la njano, la mninga, lenye kitambaa ndani. Waliolibeba walikuwa wamevaa jezi za bluu, kwa sababu jirani alikataa wengine. Alisema mtani ndiye anayezika. Wakaimba njia nzima, bluu na njano, mpaka kaburini.

Sasa tuje kwetu sisi. Wengine jana tumeshinda, wengine tumeshindwa. Siulizi kama umefurahi. Furahi bwana, umengoja sana! Nauliza hivi: kile ulichokitengeneza ili umcheke mwenzako, kingeweza kumbeba? Lile jeneza lingekuwa la maboksi, lingefaa nini siku ile? Fundi angebaki na aibu yake na rangi ya njano mikononi, basi. Utani wetu mwingi ni wa maboksi. Tunamcheka mtu ambaye hatujui baba yake anaumwa, hatujui ndani wamelala na nini, na siku ya uzito wake hatuna bega la kumpa. Tusimtanie mtu ambaye hatuko tayari kumbeba. Na ambaye tuko tayari kumbeba, huyo tumtanie mpaka achoke.

Haya. Tukimaliza hapa mtakutana hapo nje, walioshinda na walioshindwa. Mtaniane, sijakataza. Na wewe uliyeshinda, jioni ya leo nenda kwa mtani wako, nenda na vuvuzela yako kabisa. Ila ukifika mlangoni ishushe kwanza, upige hodi, usikilize anavyokuitikia.