Yai Lililogonga kwa Ndani

Akina mama mnaofuma vitambaa vya makochi, leo nawagusa nyinyi kwanza. Mliobaki jisogezeni taratibu.

Palikuwa na mjane mmoja, fundi wa lesi. Hakutumia kroshia. Alikuwa na kijiti bapa kilichozungushiwa uzi: anapiga fundo, anakaza, anapiga jingine, mpaka duara linajifunga. Kila Pasaka alivisha mayai lesi hiyo, yakapamba meza ya madhabahu, watu wakasahau hata kuimba. Mumewe alipofariki, kijiti akakitupa kabatini. Mwaka mzima hakugusa uzi.

Pasaka iliyofuata akajikaza. Wiki nzima alifuma vipande, mafundo ya kwanza akilia. Jumamosi akachukua yai kwa jirani, akalishika kiganjani kutwa akiunganisha lesi juu yake. Lilipovaa barabara akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Ilibaki kulitoboa kwa sindano, amwage ute na kiini. Desturi yake ilikuwa kutoboa mwisho, maana ganda tupu halistahimili kukazwa.

Akainua sindano. Ndani kukagonga: ko, ko.

Akamwita jirani kwa sauti. Jirani akaliweka yai sikioni.

"Yesu wangu! Shoga, nimekupa yai la yule kuku anayeatamia!"

"Sasa nifanyeje?"

"Kata lesi. Ganda kifaranga atalivunja mwenyewe, lakini nyuzi hizo hataziweza."

"Nikate? Hii ni kazi yangu ya kwanza tangu nimzike baba watoto! Lesi hii haifumuliki, ukikata umeiua."

Jirani akamsogezea mkasi. Ndani kukagonga tena, safari hii kwa unyonge.

Ungekuwa wewe, ungekata? Msinitazame hivyo, hata mimi sina hakika.

Mkasi ukamtetemeka mkononi. Akakata, machozi yakimtoka. Usiku uleule ganda likapasuka, akatoka kifaranga aliyelowa, hana uzuri wowote, lakini kelele zake zilijaza nyumba ambayo kwa mwaka mzima ilikuwa kimya. Mjane akajikuta anacheka. Asubuhi ya Pasaka alimpeleka kanisani kwenye kikapu, amemtandikia lesi ile iliyokatwa.

Sasa sikieni. Najua mmeshajiona nyinyi ni yule mjane. Hapana, ndugu zangu. Sisi ndio kifaranga.

Mwaka huu umesikia mkasi karibu yako. Kazi imekatika, uchumba umekatika, cheo ulichojivunia kimekwenda, nawe ukalia, "Bwana, mbona unaniharibia urembo wangu?" Umesahau nani alikuwa anagonga? Si wewe uliyepiga magoti ukaomba, "Bwana, nitoe hapa"? Amekusikia. Lesi ile aliifuma Yeye mwenyewe, na mkono wake umetetemeka kuikata, lakini amekata, kwa sababu anakutaka wewe uliye hai kuliko pambo la mezani.

Tuliomba kutoka, jamani. Basi tutoke. Simameni tuombe.