Reli ya Mzee Kasanda

Wapendwa, alikuwepo pale Tabora stesheni masta mmoja mstaafu, tumwite Mzee Kasanda. Kazi ilikuwa imemtoka mikononi, haijamtoka moyoni. Basi chumba cha watoto waliokwisha kuondoka nyumbani akakigeuza kuwa reli: meza toka ukuta hadi ukuta, stesheni ndogo ndogo, ghala la asali, na treni ya umeme ambayo behewa lake unaweza kulifumbata kiganjani.

Rafiki yake Mzee Mihayo, aliyeendesha treni za mizigo ujana wake wote, alikuwa akija kila Jumamosi. Presha ya macho ilikuwa ikimla taratibu, na hospitali walimwambia wazi kwamba kinachopotea hakirudi.

"Bwana mkubwa, leo tupeleke asali stesheni ya Itigi," alikuwa akisema.

"Bado, ndugu yangu. Mizigo haiendi ovyo. Kila behewa lazima lijulikane limebeba nini na linaachwa wapi."

Na kweli, treni inayozunguka tu bila kazi ni ya kuchezea watoto. Kasanda akajaribu kadi, kila behewa na kadi yake yenye mzigo na stesheni. Akaona zinachosha. Akajaribu vibandiko vya rangi, akaona vinaharibu sura ya mabehewa. Akataka kompyuta ipange yenyewe, akakaa kumngoja mpwa wake aje amfundishe.

"Nitajie kwa mdomo tu," Mihayo alimsihi siku moja. "Nikikosea utanisahihisha, tutacheka. Macho yangu hayangoji."

"Tukianza vibaya tutazoea vibaya," Kasanda akajibu, akainama tena mezani.

Mwaka ukakatika. Mwishowe akarudi kwenye kadi, akazipanga zikapangika, akamwita rafiki yake. Mihayo akaja ameshikwa mkono na mkewe. Kasanda, kwa furaha, akampa kadi ya kwanza kabla hajamtazama vizuri usoni. Mihayo akaipapasa upande huu na upande ule, akamrudishia.

"Nisomee, bwana mkubwa."

Kasanda akasoma. Akawasha umeme. Treni ikaondoka, ikapinda, ikaliacha behewa la asali mahali pake hasa.

"Limefika?" Mihayo akauliza.

"Limefika."

"Linapendeza?"

Kasanda akalinyanyua behewa, akamwekea kiganjani.

Ndugu zangu, je, utaratibu wake ulikuwa na kasoro? Haukuwa nayo. Na sisi je? Si tunasema tutakwenda kumwona mgonjwa tukipata nafasi nzuri? Si tunasema tutapatana na ndugu yetu tukishapata maneno yanayofaa? Tunanyoosha njia ya kupendana, tunainyoosha tena, na tunayempenda amekaa pembeni, giza linamwingia.

Mihayo alimsamehe siku ile ile, wala hakunung'unika. Lakini msamaha haukumrudishia macho. Basi kabla hatujasimama kuomba, nawauliza: ni nani anayetungoja sisi, na anaweza kungoja hadi lini?